Nusu ya msimu ni mechi ngapi?

Kwenye mlango wa friji ya chumba cha mapumziko kazini kwetu, hapa Detroit, kuna karatasi iliyokaa tangu Julai 2025. Imebandikwa kwa solotepu pembe zote nne, pembe moja ya chini ina doa la kahawa. Imeandikwa kwa mkono, herufi kubwa kubwa, majina ya timu zote 30 za besiboli ya kulipwa ya Marekani, na mbele ya kila jina kuna alama kama ya ripoti ya shule, kuanzia A mpaka F. Aliyeiandika ni mzee mmoja wa zamu ya usiku, dereva wa folklifti. Huifanya kazi hiyo kila mwaka ligi inaposimama kupisha mechi ya nyota katikati ya Julai.

Mwaka huo Tigers, timu yetu ya hapa, aliwapa A. Wameshinda 59, wamepoteza 38, hakuna timu iliyokuwa na rekodi nzuri kuliko wao ligi nzima. Cleveland, jirani zetu wa kanda moja, yaani kundi moja ndani ya ligi, aliwapa D, na hakuna aliyembishia, maana walikuwa wametoka kupoteza mechi kumi mfululizo. Colorado Rockies aliwapa F kwa mistari miwili chini yake: 22 kwa 74, na kocha wao alishafukuzwa tangu Mei.

Novemba, Dodgers wa Los Angeles walipoifunga Toronto 5-4 katika mechi ya saba ya fainali, ngwe ya kumi na moja (ngwe ni zamu ya kila timu kupiga, kwa kawaida huwa tisa), mzee alikuja Jumatatu yake na peni nyekundu. Alisimama mbele ya friji akaanza kujisahihisha. A ya Tigers akaikata, akaandika C. D ya Cleveland akaikata, akaandika A, na pembeni neno moja: nilikosea. Alipomaliza akanigeukia. Anajua mimi ni Mtanzania na anajua napenda mpira wa miguu. Akasema, "Na ligi ya kwenu? Ikifika nusu ya msimu niletee timu zako, nizibandike hapa."

Nikamwambia sawa. Nikakaa na simu yangu mapumziko yote ya nusu saa, nikaufungua msimamo wa ligi yetu, na moyo ukaniuma.

Mnajua nilichokiona. Ile safu ya mechi zilizochezwa. Juu namba ndogo, chini namba kubwa, katikati mchanganyiko. Mwenye viporo vitatu, yaani mechi tatu zilizoahirishwa, mwenye viwili, asiye na kiporo hata kimoja. Mzee alichungulia simu yangu akauliza swali la mtu asiyejua lolote, na ndiyo maana lilinichoma: "Nusu yenu ni mechi ngapi?" Timu 16, kila moja mechi 30, kwa hiyo nusu ni 15. Hesabu ya darasa la tatu. Lakini siku ambayo timu zote 16 zimefika 15 kwa pamoja, mimi sikuweza kumwonyesha kwenye kalenda.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na naomba msiihamishe. Sizungumzii viwanja vyao, sizungumzii mishahara, sizungumzii nyasi. Nazungumzia nusu. Huku nusu ipo. Kila timu inacheza mechi 162, na nusu yake ni 81. Wanapofika kwenye mapumziko ya Julai wameipita kidogo: Tigers walikuwa na mechi 97, Dodgers 97, Toronto 96, Rockies 96. Tajiri na fukara wamesimama kwenye mstari mmoja, na mzee mwenye kalamu anaweza kuwapa alama bila kumwonea mtu.

Na hata pale mmoja anapotangulia mechi moja, msimamo wenyewe unakwambia. Wana utaratibu wa kuonyesha timu iko nyuma ya kinara kwa mechi ngapi: unachukua tofauti ya ushindi, unajumlisha tofauti ya kupoteza, unagawa kwa mbili. Kwa hiyo utaona imeandikwa "mbili na nusu", na ile nusu maana yake mmoja wao kacheza zaidi ya mwenzake. Kiporo kimeingizwa kwenye hesabu, kila mtu anakiona. Kwetu unaambiwa timu fulani ni ya tano, kisha shabiki wake anakwambia "tuna mechi nne mkononi", na hapo mjadala unakufa, kwa sababu kila mtu anajaza zile nne kwa ndoto zake.

Najua mtakalosema: sasa tathmini ya mzee ilisaidia nini kama alikosea? Alikosea sana tu. Mapema Julai Tigers walikuwa mbele ya Cleveland kwa mechi 15 na nusu. Cleveland walikuwa 40 kwa 48. Kutoka hapo wakashinda 48 na kupoteza 26. Wetu wakatoka mapumzikoni wakashinda 28, wakapoteza 37. Mwisho wa yote Cleveland 88, Tigers 87, kanda ikachukuliwa kwa tofauti ya mechi moja. Nilikuwa naingia kazini Septemba ile na hakuna aliyesalimiana na mwenzake. Mwaka mmoja kabla ilikuwa kinyume: Agosti 2024 Tigers hao hao walikuwa wameshawauza wachezaji, akiwemo mrushaji Jack Flaherty aliyekwenda Dodgers, wako 55 kwa 63, na wakaamka wakaingia mtoano.

Lakini angalia vizuri. Mzee alikosea kwa sababu timu zilibadilika, na aliweza kurudi kwenye karatasi yake kuonyesha zilibadilika wapi. Mizani ilikuwa sawa. Sisi tunakosea mizani ikiwa imepinda, kwa hiyo hata tukipatia hatujui tumepatia nini. Ikifika Desemba au Januari, dirisha dogo linafunguliwa, wachambuzi wanaanza: fulani kaimarika, fulani kashuka, kocha huyu hafai. Unamhukumu vipi kocha wa mechi 11 kwa kumlinganisha na wa mechi 15? Na watu wanafukuzwa kazi kwa hesabu hizo. Mtu anapandishwa ndege na familia yake.

Kuna siku nilikwenda Comerica Park, uwanja wa Tigers, mvua ikaanza kabla mechi haijaanza. Vijana wakatoka mbio na turubai, wakaliviringisha juu ya uwanja wote wa ndani kwa dakika chache. Tukangoja. Zaidi ya saa nzima tumekaa chini ya paa, watoto wanalala mapajani. Hatimaye sauti ikatangaza mechi imeahirishwa, na kabla sijafika kwenye gari tarehe mpya ilikuwa imeshaingia kwenye simu yangu: kesho yake, mechi mbili siku moja, tiketi yangu ile ile inafaa. Nilikaa garini mvua ikipiga kioo nikamkumbuka yule kijana niliyekuwa mwaka 2014. Nilipanda basi alfajiri kutoka Morogoro na nauli niliyoidunduliza kwa wiki tatu, nimevaa jezi chini ya shati. Tumefika Kibaha, kondakta anaongeza sauti ya redio: mechi ya leo haipo. Haikusemwa itakuwa lini. Nilishuka Ubungo, nikanywa chai kwenye kibanda, nikapanda basi la kurudi. Mama aliniuliza matokeo, nikamwambia hayapo. Hakunielewa, na mimi sikuwa na cha kumweleza.

Sasa naanza kuwasikia. "Umekwenda Marekani miaka michache unatuletea besiboli, mchezo wanaocheza peke yao na kuuita wa dunia." Ndugu yangu, sikulazimishi uupende. Ulinichukua misimu miwili kuuelewa. Na si kweli kwamba wako peke yao. Mrushaji aliyewabeba Dodgers kwenye fainali ile, Yoshinobu Yamamoto, ni Mjapani, na Wadominika na Wavenezuela wamejaa kwenye timu zote.

"Viporo vyetu vinatokana na mafanikio, klabu zetu zinacheza Afrika." Hili nalikubali, na nalikubali kwa kifua mbele. Yanga walifika fainali ya Shirikisho 2023, sisi Simba tukafika 2025, tukacheza marudiano Amaan, Zanzibar, sare ya 1-1 na Berkane ya Morocco, na mimi nilikuwa huku naangalia kwa simu, nimeegemea rafu za vipuri, machozi yananitoka. Nani asiyejivunia hayo? Timu za Marekani hazina safari ya Algiers katikati ya wiki. Na mpira wa miguu huwezi kuuchezesha kila siku kama besiboli, miguu itakatika. Nimekubali yote. Lakini ratiba ya mashindano ya Afrika haidondoki kutoka mbinguni. Inajulikana mapema. Kiporo kinapozaliwa kwa sababu hiyo, kizaliwe na tarehe yake.

"Kwao pesa, kwetu umaskini." Huyu ndiye ananikasirisha kuliko wote. Mechi zao za kawaida kwa msimu ni 2,430, na ratiba inatoka mwaka kabla. Zetu ni 240. Kupanga tarehe 240 kunahitaji dola ngapi? Bibi yangu Kilosa alipanga zamu ya maji ya mtaa mzima kwa mkaa ukutani, na zamu ilifuatwa. Tunajua kupanga. Angalia tunavyopanga harusi, kamati, vikao, michango, daftari lina mistari. Kwa hiyo msiniambie hatuwezi. Mnaposema hatuwezi ninyi ndio mnaotudharau, si mimi.

Na wala sisemi huku ni peponi. Septemba 2024 kimbunga Helene kilizuia mechi mbili za Atlanta na Mets wa New York wiki ya mwisho kabisa ya msimu. Kelele zilizopigwa hapa, mngedhani mko Kariakoo: kwa nini hamkuzisogeza mbele wakati utabiri ulikuwepo? Msimu ukaisha Jumapili, timu hizo mbili zikacheza mechi zote mbili Jumatatu, kila mmoja akashinda moja, wote wawili wakafuzu, na Arizona waliokuwa wamekaa wanangoja wakatolewa. Watu wa Arizona wana haki ya kununa mpaka leo. Mwaka huo huo mechi moja ya Houston na Cleveland haikuchezwa kabisa, wakamaliza na 161. Kwa hiyo viporo vipo na uonevu upo. Ila vile vya Helene vililiwa ndani ya siku tano.

Kiporo chetu kikubwa mnakikumbuka. Dabi ya Simba na Yanga ya tarehe 8 Machi 2025. Sitarudia yaliyotokea uwanjani usiku wa kuamkia siku ile, kila mmoja ana toleo lake na sote tumeshagombana. Nasema tu ilichezwa tarehe 25 Juni. Nimehesabu kwa vidole: siku 109. Ilikuja kuwa mechi ya mwisho ya kuamua bingwa, Yanga wakatufunga 2-0 wakachukua kombe. Sipingi ushindi wao. Walitufunga, wameupata. Lakini kwa siku zote 109 msimamo wa ligi ulikuwa una shimo katikati, na tulibishana juu ya shimo. Binamu yangu na shemeji yake hawakuzungumza Ramadhani yote iliyobaki.

Mzee bado ananiuliza. Juzi kaniuliza tena tukiwa tunavaa makoti, na safari hii nilikuwa nimejaribu. Nilikuwa nimechukua karatasi, nimeandika timu zote 16 kwa mkono kama anavyofanya yeye, nikaanza kwa kila timu kutafuta mechi 15 za kwanza pekee, kiporo kikiwemo pale kilipopangwa awali, ili nipate nusu ya haki. Nimefika timu ya saba. Natafuta tarehe kwenye magazeti ya zamani, kwenye kurasa za klabu, kwa marafiki wanaokumbuka. Kuna mechi moja nimepewa tarehe tatu na watu watatu, na wote walikuwepo uwanjani.

Amenisogezea karatasi yake kushoto ili yangu ipate nafasi. Nikimaliza hizo tisa zilizobaki nitaibandika, na pembeni nitaandika ni tarehe ngapi nimezipata kwa kubahatisha.