Kipuri kipo, ruhusa haipo

Mwandishi wa makala yenu kuhusu kutengeneza vifaa vilivyoharibika ameieleza vizuri sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024, inayowataka watengenezaji wa simu, majokofu na mashine za kufulia wakubali kuvitengeneza vikiharibika hata baada ya waranti kwisha, tena kwa bei ya kuridhisha. Ila amehitimisha kwamba shida yetu Dar es Salaam ni uhaba wa mafundi, na hapo sikubaliani naye.

Mafundi tunao. Mwaka jana nilipeleka simu yangu Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kioo kikiwa kimepasuka. Kijana aliyeipokea aliipasha moto pembeni, akaifungua kwa kipande cha plastiki, akapachika kioo halisi alichokitoa kwenye simu nyingine ya aina ileile iliyokufa bodi, na kazi ikaisha kabla sijamaliza soda. Simu ilipowaka ikaandika kwamba kioo hakitambuliki, na mwanga wa skrini ukagoma kujirekebisha wenyewe. Kioo ni cha kampuni ileile! Kilichokosekana ni programu ya kukioanisha na bodi, ambayo kampuni huwapa mawakala wake tu.

Jimbo la Oregon, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2024 kuzuia watengenezaji kukifungia kipuri kwa programu namna hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kuzungumzia vyuo vya ufundi, ningependa Tume ya Ushindani iulizwe kama muuzaji anaruhusiwa kuendelea kukifungia kwa programu kifaa ambacho mteja amekwisha kukilipia chote.