Jaja alizeeka mikononi mwa senga, sio mikononi mwetu

Kuna maneno sisi watu wa kyeyo, yani tuliotoka Uganda kutafuta kazi nje, tunayapenda sana, ukikaa tu kwenye harusi ama matanga huku Uingereza lazima mtu ayatoe, ati wazungu wanatupa wazee wao lakini sisi tunawatunza wa kwetu. Na mimi nilikua nayasema, tena kwa sauti. Toka Jaja, bibi yetu mzaa baba, azikwe mwezi wa nane 2025 yamenikauka mdomoni.

Miaka ya Jaja hakuna aliyeijua sawasawa. Yeye alikua anahesabu kwa mambo: senga wetu mkubwa, yani shangazi, alizaliwa wiki ile Kwini Elizabeth alikuja Jinja kufungua dam ya Owen Falls, hio ni Aprili 1954, mtoto akabatizwa Kwini na majirani na mpaka leo hata wajukuu zake wanamuita hivyo. Babu alikua kibarua kwenye hio dam, alitoka upande wa Busia akakuta Walukuba, mtaa wa hapo Jinja, imejaa watu wa kila kabila, ndio maana nyumbani kwetu ni Kiswahili toka zamani na Kisoga tulikiokota barabarani. 1972 Wahindi walipopewa siku 90 waondoke, mama aliyekua Jaja anamlelea watoto pale mjini alimwachia cherehani, na cherehani hio ndio ilisomesha baba. 1987 serikali ikakata sifuri mbili kwenye pesa na juu yake ikachukua asilimia 30, Jaja alikua na akiba ndani ya debe la unga, akalia siku mbili, ya tatu akarudi kwenye cherehani.

Sasa mtu wa namna hio, kijana wa kuandikisha vitambulisho alimuandika amezaliwa 1947. Piga hesabu mwenyewe, yani alimzaa Kwini akiwa na miaka 7! Tulicheka sana kwenye grupu la familia. Kicheko kiliisha ile pesa ya serikali kwa wazee, shilingi elfu 25 kwa mwezi, ilipofika wilaya zote na sharti likawa miaka 80 na ionekane kwenye kitambulisho. Kwa Mungu Jaja anakaribia 90, kwa kompyuta bado msichana. Senga mdogo alimpandisha boda mara tatu kwenda kurekebisha, mara leta barua ya chemani, mwenyekiti wa mtaa, mara mtandao hauko, mara rudini Jumatatu. Amekufa hajaonja hata shilingi. Na elfu 25 yenyewe mimi huku naipata kwa kama nusu saa.

Kazi yangu ni kwenye nyumba ya wazee, mji mdogo karibu na Birmingham, naosha, navalisha, nalisha, nageuza. Nilikuja nikijua nitakuta watu waliotupwa. Kuna mzee mmoja nyumba yake imeuzwa kulipia kukaa pale, maana hapa England ukiwa na zaidi ya pauni 23,250 unajilipia mwenyewe, na binti yake anakuja Jumanne na Ijumaa akitoka kazini, anamkata kucha, anamsomea matokeo ya mpira, akimaliza anaenda kukaa kwenye gari muda mrefu bila kuwasha injini. Huyo ametupa nani? Wapo pia wasiotembelewa Krismasi mpaka Krismasi, siwezi kudanganya. Lakini hata hao kuna watu wawili na mashine ya kumnyanyua, kuna karatasi ya saa ngapi kageuzwa, na mimi zamu ikiisha nasaini naenda kulala.

Senga mdogo alisaini wapi? Jaja alipolala kitandani, mwaka na nusu wa mwisho, senga alifunga biashara yake ya mukene, dagaa wa ziwani, kule Masese akarudi ndani. Kuna siku nikampigia video nimfundishe, si mimi ndio mtaalamu, nikamwambia senga lazima umgeuze kila baada ya masaa mawili na uweke mto katikati ya magoti asitoke vidonda. Hakunijibu, akasogeza simu kitandani nikaona mwenyewe: mto upo, kitenge kimekunjwa chini ya visigino, mgongo wa Jaja safi kama wa mtoto mchanga. Ndio akasema, mwanangu, alamu ya saa nane na ya saa kumi za usiku naziweka toka Ramadhani.

Sisi wengine tulikua tunatuma pesa. Mimi laki mbili kila mwezi, na ile ya kutolea kwa mobile money juu, nikishatuma nahisi nimemtunza Jaja. Tuambiane ukweli bana, hio "sisi tunatunza wazee wetu" mara nyingi ni mwanamke mmoja kwenye ukoo, aliyeachika ama asiye na kazi ya ofisi, tumemuachia na hakuna aliyemuuliza kama anaweza.

Sisemi nyumba ya wazee ingemfaa Jaja. Angekufa kwa baridi, na kwa kukosa watu wa kugombeza. Kwetu mlango ulikua wazi, watoto wa jirani wanapiga magoti kumsalimia na yeye anawauliza wamekula nini, radio inaimba, hayo pale kazini sijayaona.

Alikata roho alfajiri, baada ya alasiri kashazikwa, mimi niko kwenye zamu naangalia kwa simu. Shehe akasimama akashukuru "mtoto wetu wa UK kwa kumtunza mzee". Nyuma yake nikamuona senga anapita na beseni la vyombo, hata hakugeuka.

Juzi akanipigia. Ana miaka 58 sasa, mukene imepanda bei na mtaji uliisha. Akaniuliza hio kazi ya kuosha wazee huko wanataka cheti gani. Nikamwambia senga walifunga, toka Julai 2025 kwa kazi hii hawachukui tena watu wapya kutoka nje. Akanyamaza kidogo, akauliza, kwani sasa wao watageuzwa na nani?