Jungu la sikukuu: nyama ndiyo inayotufilisi?

Kila Idi inapokaribia Mombasa, na tena Desemba ikiingia, mabishano huwa yale yale. Wapo wasemao kwamba watu wa kipato kidogo wanajimaliza kwa nyama ya siku moja: wanakopa, wanapika biriani ya kulisha mtaa, kisha wiki mbili zinazofuata ni sima na mchicha. Wapo wanaojibu kwamba sikukuu haina daftari, kwamba mtoto hatakumbuka bei ya kilo lakini atakumbuka kama jungu lilitelekwa kwao au la, na kwamba nyumba isiyotoa sahani siku hiyo imejitenga na majirani. Wote wana lao la haki. Ninachokitilia shaka ni jambo wanalokubaliana pande zote mbili bila kujua: kwamba nyama ya ng'ombe ndiyo inayokula pesa.

Tupige hesabu. Chukua nyumba ya watu wanane Kisauni, wanapika biriani na wanataka sahani tatu nne za kupelekea majirani. Bei ninazotia ni za mfano tu, kila mtu aweke za duka lake. Nyama kilo mbili kwa shilingi 650 ni 1,300. Mchele wa biriani kilo mbili, 440. Mafuta lita moja, 330. Vitunguu kilo mbili, maana biriani bila vitunguu vya kukaanga ni wali na mchuzi tu, 200. Tungule na nyanya ya kopo, 150. Mtindi, 120. Thomu, tangawizi, kotmiri na ndimu, 150. Iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga na bizari, 200. Gesi au makaa, 200. Jumla 3,090, na nyama haifiki hata nusu. Mahamri ya asubuhi, soda na mkono wa Idi wa watoto havimo.

Sasa mshauri anasema: punguza nyama. Ukitoa nusu kilo unaokoa 325, na kila aliyekaa kwenye sinia ataliona pengo. Lakini ukiacha biriani ukapika pilau kwa kilo mbili zile zile, mtindi unaondoka, tungule zinabaki mbili tatu, vitunguu vinashuka hadi nusu kilo na mafuta nusu lita yanatosha. Hapo umeokoa zaidi ya 500 na nyama haijaguswa. Tia viazi vinne, jungu linajaa. (Najua kuna nyumba Kibokoni ambako kupendekeza pilau siku ya Idi ni kutafuta ugomvi na mama mkwe. Hilo nawaachia wenyewe.)

Anayetaka ushahidi arudi 2022. Vita vya Ukraine, na hatua ya Indonesia kuzuia mafuta ya mawese yasitoke nchini mwake kwa wiki kadhaa mwaka huo, vilipandisha mafuta ya kupikia hadi watu wakarudi kwenye ya kupima. Gesi nayo ilikuwa imetiwa kodi ya VAT ya asilimia 16 Julai 2021, ikashushwa hadi 8 mwaka uliofuata, ikaondolewa Julai 2023. Jungu la Idi lilipanda bei kutoka chini, kwenye moto na kwenye karai, na bado lawama zikaenda kwa bucha.

Tena ng'ombe mwenyewe ni nafuu tuliyokwisha kujipa. Mbuzi, ambaye ndiye nyama ya heshima kwa wazee wengi wa Mji wa Kale, bei yake kwa kilo huwa juu ya ng'ombe. Samaki wangeweza kusaidia, lakini Idi zetu za miaka hii zinaangukia ama mwishoni mwa kaskazi au katikati ya kusi, na kusi likishika, wavuvi wenye mashua ndogo hawatoki kila siku na changu anakuwa ghali. Anayesema "kuleni kitu kingine" aseme ni kitu gani.

Hoja ya wanaobana matumizi ninayoiheshimu ni nyingine, ile ya deni. Tangu Fuliza, ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, ianze 2019, mtu anaweza kusimama mbele ya mizani akiwa na salio sufuri na akaondoka na nyama. Ada yake huhesabiwa kwa siku, kwa hiyo biriani iliyoliwa saa saba mchana inaendelea kulipiwa baada ya sufuria kusuguliwa. Hapo sina utetezi. Na mzigo huo hauangukii wote sawa. Mara nyingi mume huacha "pesa ya sikukuu" mezani, kiasi ambacho hakiulizwi kilipigwa hesabu lini, kisha ni mwanamke anayejua kwamba sahani ya jirani wa kulia ilikuja mwaka jana ikiwa na mapande manne na haiwezi kurudi na mawili. Yeye ndiye anayeingia kwenye deni la dukani kimya kimya. Wanaosifu ukarimu wa Mswahili wamuulize anayeutekeleza.

Hata hivyo, sahani hizo zina kazi yake. Nyumba isiyoteleka chochote siku ya Idi haikai na njaa; saa nane mchana itakuwa na biriani ya mapishi matatu tofauti. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na kwa fundi wa mkono au mama muuza viazi karai, sahani anayotoa mwaka huu ndiyo inayomfanya akumbukwe mwaka atakaokosa. Ukiikata kwenye bajeti unaokoa mchele wa leo na kupoteza kitu ambacho huwezi kukinunua ukishaanguka.

Kwa maoni yangu linaloumiza zaidi ni wakati wa kununua. Krismasi haihami. Idi inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa kizungu: 2024 Idi ya Mfungo Mosi, ile ya kumaliza Ramadhani, ilikuwa Aprili 10, kodi ya nyumba imeshalipwa na mshahara umeshakonda, 2025 ikaja mwisho wa Machi, pesa za wengi zikiwa mbichi. Familia ile ile, kipato kile kile, majungu mawili tofauti. Na ndani ya tarehe kuna mwezi. Idi Kubwa hujulikana mapema, kwa sababu mwezi wa Mfungo Tatu ukiandama una siku tisa za kujipanga kabla ya siku ya kuchinja. Idi ya Mfungo Mosi hujulikana usiku wake. Ukiandama saa moja, mji mzima unataka nyama kabla ya saa nne.

Nenda Majengo usiku huo. Foleni imetoka hadi barabarani, mashine ya kima haizimwi kwa sababu ya sambusa za asubuhi. Mama mmoja aliyefunga kibanda chake cha mboga dakika chache zilizopita anafika mbele, noti zimekunjwa ndani ya leso. "Ami, nikatie kilo mbili za mfupa." Muuzaji hainui macho. "Ya mfupa imekwisha, mama. Imebaki steki." Steki bei yake iko juu. Anahesabu tena, anaomba kilo na robo. Ametoka na nyama pungufu kwa pesa zile zile, na supu ya mifupa aliyoipanga kwa asubuhi imekwenda. Mwenzake wa Nyali alinunua wiki mbili nyuma, bei ya kawaida, akaijaza friza.

Hapo ndipo umaskini unapolipiwa mara mbili. Mtu wa kibarua, mvuta mkokoteni wa Kongowea au dereva wa boda, pesa yake huja kwa siku na hutoka kwa siku. Hawezi kununua mapema kwa sababu pesa haijaingia, na hata ingeingia, nyama mbichi kwa joto la Mombasa haikai bila barafu. Kumwambia "jipange" ni kumwambia awe na mshahara na friza.

Mwenye bucha naye asitwikwe dhambi zote. Usiku wa kuangalia mwezi anachinja kwa kubahatisha. Ukikosekana, ana mizoga inayoning'inia siku nzima zaidi, stima inakwenda, na nyama inapungua uzito. Ng'ombe wake ametoka mbali: Tana River, Taita Taveta, Kwale, wengine wakipitia mnada wa Mariakani. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2.5 nchini Kenya, na ukame una tabia ya kudanganya mjini. Mwanzoni bei inashuka, maana mfugaji anamuuza ng'ombe aliyekonda kabla hajafa mikononi mwake. Mvua ikirudi ndipo bei inapanda, kwa sababu aliyebakiwa na mitamba wachache hauzi, anangoja wazae. Sisi tunaokula tunashangaa kwamba majani yapo na nyama ni ghali.

Njia inayotajwa sana ya kupunguza makali ni ng'ombe wa shirika, anayenunuliwa kwa kuchangiana. Kwa udhiya, yaani mnyama wa kuchinjwa Idi Kubwa, sheria ya Kiislamu inaruhusu watu saba kwa ng'ombe mmoja, na kwa madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa pwani wanayafuata, hata kama baadhi ya saba wanataka nyama tu, udhiya wa wenzao hauharibiki. Tuseme ng'ombe ni 70,000 na anatoa kilo 130 za nyama na mfupa. Kila mmoja ametoa 10,000 na fungu lake ni kilo 18 na kitu, kama 540 kwa kilo, na bado kuna maini, matumbo, kichwa na kongoro. Ujira wa mchinjaji hutolewa kando. Hauruhusiwi kulipwa kwa nyama au ngozi ya mnyama huyo. Ni nafuu, ingawa kwa udhiya sehemu ya fungu huenda kwa maskini na jamaa, na ndivyo ilivyokusudiwa. Tatizo ni lile lile: 10,000 kwa mkupuo. Waliosaidiwa zaidi na ng'ombe wa saba ni wale ambao wangeweza kununua hata peke yao, kidogo kidogo.

Upande wa Changamwe na Mikindani, ambako Desemba ni Krismasi, nauli ndiyo inayoamua nyama. Tiketi ya kawaida ya treni ya Nairobi ilipanda kutoka 1,000 hadi 1,500 Januari 2024. Mume na mke kwenda na kurudi ni 6,000, na hapo hamjapanda gari la kutoka Nairobi kwenda kijijini. Kwa bei yetu ya mfano hizo ni zaidi ya kilo tisa za ng'ombe. Wengi sasa hubaki, huchanga na wapangaji wenzao wa ploti, na hula vizuri kuliko wangekula safarini. Wanachokosa ni wazazi, na sijui ni nani wa kuandika hilo kwenye hesabu. Halafu Januari ina karo.

Kama kuna kitu ambacho ningependa kukiona kikienea ni akiba kwa mwenye bucha: shilingi 50 kwa siku kuanzia mwanzo wa Ramadhani, daftari likigeuzwa, mteja ndiye anayedai. Kwa siku 29 ni 1,450, zaidi ya kilo mbili kwa bei iliyokubaliwa mapema, na muuzaji angejua wanyama wangapi achinje hata kabla ya mwezi kuandama. Michezo ya akina mama, ile ya kuchangiana pesa, inaendeshwa hivyo miaka yote na inafanya kazi. Kinachozuia ni uaminifu, na kwa haki. Bei ikipanda katikati ya mwezi, ni nani atakayekula hasara? Na ile ya mfupa ikiisha usiku huo, fungu la aliyelipa kidogo kidogo litawekwa pembeni, au atauziwa aliyefika na noti mkononi? Wenye bucha watakaokubali kuandika majibu ya maswali hayo mawili kwenye karatasi na kutia sahihi watapata wateja wengi Majengo na Likoni. Mpaka sasa makubaliano mengi ya namna hiyo ni ya mdomo.