Vita Vilivyobebwa Kichwani

Alfajiri katika mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, kuli hukunja kipande cha kanga kuukuu, akakizungusha vidoleni mpaka kikawa ngata, akakiweka utosini, kisha akainama kidogo ili wenzake wawili wamtwishe gunia. Anaponyanyuka hasemi neno, wala hatazami pembeni, kwa maana shingo ndiyo inayofanya kazi. Nimepita hapo kwa miaka mingi, na sidhani kama kuna mkazi wa Dar es Salaam ambaye hajasikia kwamba jina la mahali hapo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Mwingereza, lililotamkwa kwa ulimi wetu hadi likawa Kariakoo, kama lilivyokuwa Kariokor kule Nairobi. Tunalijua hilo kama tunavyojua jibu la chemsha bongo. Hatulitumii kuvielewa vita vyenyewe, yaani Vita vya Kwanza vya Dunia, na hapo ndipo ninapotofautiana na namna tunavyovifundisha.

Shuleni tulikariri mlolongo wa tarehe. Mnamo 28 Juni 1914, mjini Sarajevo, kijana Mserbia wa Bosnia aitwaye Gavrilo Princip alimpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, pamoja na mkewe. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 28 Julai, Austria-Hungaria ikatangaza vita dhidi ya Serbia. Urusi ikaanza kukusanya majeshi ili kumtetea Mserbia. Ujerumani ikatangaza vita dhidi ya Urusi tarehe 1 Agosti na dhidi ya Ufaransa tarehe 3. Na majeshi yake yalipovuka mpaka wa Ubelgiji, Uingereza nayo ikaingia usiku wa tarehe 4. Mwalimu wetu aliuandika mlolongo huo ubaoni kwa mishale, na ulikuwa sahihi kabisa, isipokuwa hakuna mshale hata mmoja ulioeleza kwa nini siku nne baadaye mizinga ililia Dar es Salaam.

Mlango wa kuviepuka vita huku ulikuwepo. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 uliacha nafasi kwa makoloni ya ukanda wa biashara wa bonde la Kongo, ukanda uliofika hadi pwani yetu, kutangazwa kuwa hayafungamani na upande wowote iwapo wakubwa wao wangepigana. Gavana wa koloni la Wajerumani huku kwetu, Heinrich Schnee, aliutamani mlango huo. Kamanda wake wa jeshi, Paul von Lettow-Vorbeck, aliyewasili Januari 1914, hakuutaka, kwa sababu hesabu yake ilikuwa kwamba kila kikosi cha Mwingereza kitakachoshughulishwa Afrika ni kikosi kilichopungua Ulaya. Mwingereza naye hakuonyesha hamu ya amani: tarehe 8 Agosti manowari yake Astraea iliupiga mizinga mnara wa mawasiliano wa Dar es Salaam, na wiki moja baadaye Wajerumani wakaiteka Taveta, mji wa Mwingereza ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo siwezi kukubali usemi kwamba vita vya Ulaya "vilienea" hadi Afrika, kana kwamba vilikuwa moto wa kichaka. Vililetwa na watu wachache waliokuwa na hiari ya kutovileta. Huko Nyasaland, Malawi ya leo, mchungaji John Chilembwe aliliona jambo hilo mapema, akaandikia gazeti mwishoni mwa 1914 kuhoji kwa nini Mwafrika aitwe kufa katika ugomvi usiomhusu. Januari 1915 aliongoza uasi, na kabla ya majuma mawili kwisha alikuwa ameuawa.

Sehemu ya vita hivi ambayo kila mtu anaipenda ni Tanga. Mapema Novemba 1914, wanajeshi wapatao 8,000 waliotoka India waliteremshwa pale chini ya Jenerali Aitken, wakakutana na askari wa Lettow-Vorbeck wasiozidi sana 1,000, na katikati ya mapigano nyuki waliotibuliwa mizingani wakawavamia watu. Tarehe 5 Waingereza walikuwa wamerudi melini, wameacha nyuma bombomu, mamia ya bunduki na risasi 600,000. Sina ugomvi na nyuki wa Tanga, ila naona ajabu kwamba wana umaarufu kuwashinda binadamu walioibeba ile shehena kutoka ufukweni.

Hali ni hiyo hiyo kwa Königsberg, manowari iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha katika matawi ya mto Rufiji, hadi ilipoharibiwa tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani waliing'oa mizinga yake kumi, wakaifunga magurudumu na kuipeleka bara kupigania nchi kavu. Mmoja unaonekana hadi leo Ngome ya Yesu, Mombasa. Vitabu huandika kwamba mizinga "ilisafirishwa". Asiyewahi kusukuma hata gari dogo lililonasa kwenye tope la masika anaweza kulisoma neno hilo bila kusita, mimi siwezi.

Mwaka 1916, wakati Wafaransa na Wajerumani wanachinjana Verdun, na Waingereza wanapoteza watu zaidi ya 19,000 waliokufa katika siku ya kwanza tu ya vita vya mto Somme, Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini alikabidhiwa majeshi ya Mwingereza huku kwetu. Kwenye ramani alifanya vizuri: Moshi ilianguka Machi, Dar es Salaam tarehe 4 Septemba, na Wabelgiji kutoka Kongo, baada ya kuzitwaa Rwanda na Burundi, wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba. Lakini farasi wake walikufa kwa maelfu kwa sababu ya mbung'o, magari yalizama katika matope, na Reli ya Kati, iliyokuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa 1914, aliikuta madaraja yake yamelipuliwa na Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma. Kilichobaki ni kichwa cha mtu.

Hapa naomba msomaji afanye nami hesabu ndogo, kwa sababu kwa maoni yangu ndiyo historia yote ya vita hivi. Mpagazi alitwishwa kiasi cha kilo 25. Tuseme anakula kilo moja ya unga kwa siku, nayo haimtoshi. Akitumwa kupeleka mzigo wa chakula kwa askari walio umbali wa siku kumi, na njiani hakuna ghala, atakula kilo kumi akienda na kilo kumi akirudi, na atakachomfikishia askari ni kilo tano. Ongeza siku mbili na nusu tu za safari, na mzigo wote unaishia tumboni mwa mwenyewe. Jeshi linaposonga mbele kwa mwendo wa ushindi, umbali huongezeka, na kila hatua ya ushindi hudai wapagazi wengine wa kuwalisha wapagazi waliotangulia. Majenerali walitumia mkufu huo wa vichwa pale ambapo Ulaya walitumia treni, na mkufu ulipokatika walimlaumu mpagazi kuwa ni mvivu.

Posho yenyewe iliua. Watu waliozoea wali, ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi usiosagwa vizuri, ambao mara nyingi haukupata moto wa kutosha kuiva, na matumbo yao yakachanika kwa kuhara damu. Malaria na kichomi vilimaliza waliosalia. Hiari, kama iliwahi kuwepo, ilikwisha mapema: Afrika Mashariki ya Mwingereza, Kenya ya leo, ilitunga sheria ya kuwalazimisha watu mwaka 1915, na mwaka 1917 ofisa wake John Ainsworth aliendesha msako mkubwa wa kukusanya wapagazi wilaya kwa wilaya. Kwa jumla Mwingereza aliwatumia wapagazi wapatao milioni moja kutoka nchi mbalimbali. Vifo vilivyoandikwa rasmi vilizidi 95,000, dhidi ya takriban 11,000 vya wanajeshi wake, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba idadi hiyo ya wapagazi ni ndogo kuliko ukweli wenyewe. Wajerumani hawakujisumbua kuhesabu.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mgogo wa upande wa Mpwapwa, na ukimuuliza umri wake alijibu kwamba alizaliwa katika Mtunya. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba Mtunya ni njaa iliyoikumba Ugogo kuanzia 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya pande zote mbili kupita yakichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wenye nguvu, kisha mvua nayo ikakosekana, na kwamba inakadiriwa watu 30,000 walikufa. Kaburi la mtu wa namna hiyo haliingii katika hesabu ya vita yoyote niliyoisoma, ingawa sioni tofauti kati ya aliyekufa kwa kubeba unga wa jeshi na aliyekufa kwa sababu unga wake ulibebwa.

Ndiyo maana sifa za Lettow-Vorbeck hunichosha. Ni kweli alikuwa hodari. Huko Mahiwa, karibu na Lindi, Oktoba 1917, aliwaua na kuwajeruhi maadui wengi kuliko askari aliowapoteza. Mwezi uliofuata akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, akaishi kwa kupora ngome za Wareno, akarudi, kisha akaingia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, yote hayo bila kukamatwa. Lakini daktari wa jeshi lake mwenyewe, Ludwig Deppe, aliandika kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa. Jenerali asiyeshindwa aliweza kutoshindwa kwa sababu kulikuwa na vijiji vya kushindwa kwa niaba yake.

Ulaya, mambo yalifikia mwisho kwa kasi. Marekani iliingia vitani Aprili 1917. Urusi, baada ya mapinduzi, ilijitoa kwa mkataba wa Machi 1918. Ujerumani ikafanya shambulio lake kubwa la mwisho majira hayo hayo, likakwama, na kuanzia Agosti jeshi lake likarudishwa nyuma hadi likaomba mapigano yasitishwe. Saa tano asubuhi ya tarehe 11 Novemba 1918, bunduki za Ulaya zilinyamaza. Siku mbili baadaye Lettow-Vorbeck aliiteka Kasama. Habari ilimfikia kando ya mto Chambeshi, na alisalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, tarehe 25 Novemba, akiwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika 1,168, pamoja na wapagazi, wanawake na watoto waliofuata msafara. Ningependa tarehe hiyo ya 25 ndiyo wanafunzi wetu waikariri. Hizo wiki mbili za ziada zilikuwa na watu ndani yake, waliokuwa bado na mizigo kichwani wakati London na Paris wanacheza barabarani.

Mkataba wa Versailles ulitiwa saini tarehe 28 Juni 1919, miaka mitano kamili tangu Sarajevo. Koloni likagawanywa: Tanganyika kwa Mwingereza, Rwanda na Burundi kwa Mbelgiji, kwa jina zuri la dhamana ya Shirikisho la Mataifa, na kipande cha Kionga, kusini mwa Ruvuma, kwa Mreno kiwe chake moja kwa moja. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa, ambayo warithi wao hawakujitokeza kuidai, ilibaki serikalini, ingawa baadhi ya maofisa wa Nairobi walitaka itumike kwa faida ya jamii zao. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa malimbikizo askari wa zamani waliokuwa hai. Inasimuliwa kwamba Mwanza walijitokeza wazee mamia, wengi wao hawana hati yoyote, hivyo ofisa aliyekuja na fedha akampa kila mmoja fagio na kumwamrisha kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki, na hakuna aliyekosea. Kisa hicho kinapendwa sana. Mimi kila nikikisikia hujiuliza mpagazi angepewa nini mkononi ili athibitishe kwamba naye alikuwepo.

Katikati ya Dar es Salaam, palipokuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa zamani wa Kijerumani, tangu 1927 amesimama askari wa shaba na bunduki yenye singe. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Juu ya jiwe, hata hivyo, yuko askari peke yake. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu kati ya 116,000 na 350,000 waliokufa wakiitumikia himaya ya Mwingereza katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika na Misri, hawakuwahi kukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Niliposoma taarifa hiyo nilifikiri kwamba ningekuwa na jina moja la kupeleka. Mama yake bibi alikuwa na kaka aliyechukuliwa na Waingereza pale Mpwapwa, wala hakurudi. Nilimpigia simu shangazi yangu, ambaye ndiye mkubwa aliyebaki katika ukoo, nikamuuliza huyo mtu aliitwa nani. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba nyumbani walimwita Mjomba tu.