Kiboksi Kimetumbukia Tena

Jamani, kwenye gemu ninayojitengenezea mimi nilitaka dunia nzima. Majoka yanayotema moto, falme saba, vita vya baharini, shujaa mwenye kovu shavuni. Daftari zima nimelijaza, hata jina la farasi wake ninalo. Leo ni wiki ya tatu, na kwenye skrini nina kiboksi cha bluu. Na hicho nacho kingetulia basi! Nikiwasha gemu tu, kinadondoka, kinapita sakafuni kama hakuna sakafu, kinakwenda zake.

Kumbe sakafu nilikuwa nimeichora tu. Kuichora ni kazi moja, kuifanya izuie mtu ni nyingine. Lazima uiwekee umbo la mgongano, na kiboksi nacho kiwe na lake, la sivyo havijuani. Nani angedhani sakafu inahitaji kuambiwa kwamba ni sakafu?

Haya, nikaiambia. Nikaandika kuruka, nikabonyeza kitufe: kiboksi hakibanduki, kinajikandamiza chini. Huku, bwana, sifuri iko juu ya skrini na namba zinaongezeka kadiri unavyoshuka, kwa hiyo anayeruka anapewa kasi ya hasi. Nimesoma grafu miaka yote ile, bure.

Nikampelekea mpwa wangu ajaribu kwenye kompyuta yake mpya. Kwangu kiboksi kinatembea kwa adabu; kwake kikafyatuka kama kimefumaniwa. Nilikuwa nimekiagiza kisogee pikseli 5 kila fremu, yaani kila skrini inapochorwa upya. Kikongwe changu kinatoa fremu 30 kwa sekunde, yake inatoa 144. Piga hesabu mwenyewe. Dawa yake ni kuzidisha kasi kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia, jambo ambalo kila mtu alikuwa analijua isipokuwa mimi.

Nikajishusha. Majoka nikayaweka kabatini, nikaanza Pong: mpira mmoja, vibao viwili. Mwaka 1972, pale kampuni ya gemu ya Atari, Allan Alcorn alipewa kuitengeneza kama zoezi la kunyoosha mkono. Zoezi! Mimi wa kwangu mpira ukishika kasi unapita katikati ya kibao. Fremu hii uko mbele yake, inayofuata uko mgongoni, na hapo katikati hakuna aliyeutazama. Ni kama mlinzi aliyepepesa jicho mwizi akapita. Usiku mzima nimepigana na mpira mweupe usio na hata sura.

Asubuhi ukakubali. Nikamwita mpwa, akacheza, akanyamaza, akacheza tena. Nikajiona mtu.

"Mjomba, nimefikisha pointi mia. Nimeshinda?"

Nikafungua msimbo, nikausoma kutoka juu mpaka chini, nikarudi juu. Kushinda sijakuandika popote.

"Bado kidogo," nikamwambia. "Endelea."