Msinipe rais mwema, nipeni watu wa kumkatalia

Wiki iliyopita redioni nilimsikia mchambuzi mmoja akijibu swali la msikilizaji kuhusu katiba mpya. Alisema katiba ni karatasi tu, kinachotakiwa ni kumpata kiongozi asiyependa madaraka. Akatoa mfano wa Thomas Jefferson na wenzake walioiasisi Marekani: watu wale waliogopa serikali kubwa, ndiyo maana nchi yao ikasimama. Mtangazaji akakubali, wakaenda kwenye matangazo ya biashara. Nilikasirika na hasira haijaniisha hadi leo, kwa sababu mfano aliouchagua unasema kinyume kabisa cha alichotaka tuamini.

Kama kuna mtu aliyeiogopa serikali kuu kwa dhati, ni Jefferson. Hapo simtilii shaka. Mwaka 1791, akiwa waziri wa mambo ya nje wa George Washington, alimwandikia rais kumsihi asisaini muswada wa Benki ya Taifa. Katiba imeorodhesha mamlaka ya Kongresi, yaani bunge la Marekani, alisema, na kuanzisha benki hakumo; ukiuvuka mpaka huo hatua moja tu, umeingia kwenye uwanja wa madaraka usio na mwisho. Alexander Hamilton, waziri wa fedha, akajibu kwamba aliyepewa mamlaka ya kutimiza jambo amepewa pia njia za kulitimiza. Washington akamsikiliza Hamilton.

Mwaka 1798, chini ya rais John Adams, ikaja Sheria ya Uchochezi. Kuandika uongo na kashfa dhidi ya rais, serikali au Kongresi ikawa jinai, na majaji waliosikiliza kesi hizo walikuwa wa upande wa serikali. Makamu wa rais hakuwekwa kwenye orodha ya wanaolindwa, na makamu huyo alikuwa Jefferson, wa chama pinzani. Matthew Lyon, mbunge wa Vermont, alifungwa miezi minne na kutozwa faini ya dola 1,000. Wapiga kura wake wakamchagua tena akiwa gerezani. Jefferson aliandika kwa siri maazimio yaliyopelekwa kwenye bunge la Kentucky, yakisema kwamba serikali kuu ikivuka mamlaka iliyopewa, inachokifanya ni batili.

Huyo ndiye aliyeapishwa kuwa rais Machi 1801. Kwa hoja ya mchambuzi wetu, hapo ndipo madaraka ya serikali kuu yalipaswa kusinyaa.

Mwaka 1803 wajumbe wake mjini Paris, Robert Livingston na James Monroe, walikuwa wakitafuta kununua New Orleans na maeneo ya jirani. Napoleon, mtawala wa Ufaransa, akawauzia Louisiana yote kwa dola milioni 15, kuanzia mto Mississippi kuelekea milima ya Rocky, eneo lililokaribia kuongeza ukubwa wa Marekani mara mbili. Katiba haikuwa na kifungu kinachosema serikali kuu inaweza kununua ardhi ya taifa jingine na kuwaingiza wakazi wake kwenye muungano. Jefferson alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alikaa chini akaandika rasimu ya marekebisho ya Katiba ili ununuzi huo upate uhalali. Agosti akamwandikia Seneta John Breckinridge wa Kentucky kwamba serikali imefanya jambo lililovuka Katiba, akajifananisha na mlezi aliyetumia fedha za mtoto anayemlea kununua shamba la jirani, kisha mtoto akikua anamwambia: nilifanya kwa faida yako, ukitaka unikane.

Halafu zikaja habari kutoka Paris kwamba Napoleon anaweza kubadili nia. Jefferson akawaandikia wenzake kuwa masuala ya Katiba kuhusu Louisiana, kadiri yasivyosemwa ndivyo vizuri zaidi. Ipo barua yake ya Septemba 7, 1803 kwa Seneta Wilson Cary Nicholas ambayo siwezi kuisoma bila kuumia. Anasema tusiigeuze Katiba yetu kuwa karatasi tupu kwa kuitafsiri tunavyotaka. Ni maneno mazito, na aliyaamini. Lakini katika barua hiyohiyo anasema kama marafiki zake wanaona vingine, atakubaliana nao. Rasimu yake haikufika popote. Oktoba 20 Seneti ikaridhia mkataba kwa kura 24 dhidi ya 7, na kabla mwezi haujaisha Kongresi ikampa rais mamlaka yote ya kijeshi, ya kiraia na ya kimahakama juu ya eneo lile, ayagawe kwa watu atakaowateua mwenyewe hadi itakapoamuliwa vingine. Wakazi wa New Orleans hawakuulizwa kitu. Mataifa ya wenyeji waliokuwa wakiishi kwenye ardhi hiyo ndiyo kabisa, hakuna hata aliyefikiria kuwauliza.

Waliopinga walikuwa chama cha Hamilton, walewale waliotetea Benki kwa kuivuta Katiba mpaka ikanyooka. Sasa wakagundua kwamba Katiba ni finyu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Walikuwa wachache, wakashindwa, na hakukuwa na mwingine wa kusimama njiani.

Na Louisiana, tukubaliane, angalau iliwafaa walionunua. Marufuku ya biashara je? Desemba 1807, baada ya Waingereza kuishambulia manowari ya Marekani iitwayo Chesapeake na kuwachukua mabaharia wake, Jefferson hakutaka vita. Nia njema tena. Badala yake alipata sheria iliyozuia meli za Marekani kwenda bandari za nje. Waziri wake wa fedha, Albert Gallatin, alikuwa amemwonya kwamba makatazo ya serikali huleta madhara kuliko yanavyokadiriwa, hata akasema vita ingekuwa afadhali kuliko marufuku isiyo na kikomo. Hakusikilizwa, na ndiye aliyeachiwa kazi ya kuisimamia.

Thamani ya bidhaa zilizouzwa nje ilishuka kutoka dola milioni 108 mwaka 1807 hadi milioni 22 mwaka 1808. Fikiria miji ya pwani kama Salem na Boston, meli zimefungwa gatini, mabaharia wanazurura, mafundi wa tanga hawana kazi. Watu wakaingia kwenye magendo, hasa mpakani na Kanada. Na kila tundu lilipotobolewa, serikali ya mtu aliyeogopa serikali ikaongeza msumari mwingine. Aprili 1808 rais alitoa tangazo dhidi ya wakazi wa eneo la ziwa Champlain kana kwamba wameasi, kwa kosa la kusafirisha mbao na potashi walivyozoea. Januari 1809 ikapita sheria ya utekelezaji iliyowaruhusu maafisa wa forodha kukamata mzigo kwa kushuku tu kwamba unaelekea nje, ukiwa bado kwenye mkokoteni, na rais akaruhusiwa kutumia jeshi kuhakikisha sheria inatiiwa. Hamilton hakuwahi kuomba kiasi hicho. Washington alipeleka wanamgambo karibu 13,000 kuwazima wakulima wa Pennsylvania waliokataa ushuru wa pombe mwaka 1794, na tunalaumu, lakini jambo lile liliisha katika miezi michache na waliohukumiwa kifo kwa uhaini walisamehewa. Hii ya Jefferson ilidumu miezi kumi na minne na ilimgusa kila mwenye jahazi.

Nini kiliikomesha? Dhamiri ya Jefferson haikuikomesha. Kongresi iliikomesha, wakiwemo wabunge wa chama chake waliokuwa wakitoka kwenye majimbo yenye njaa. Waliifuta, na Jefferson akasaini ufutaji huo Machi 1, 1809, siku tatu kabla ya kukabidhi ofisi. Imani ilikuwa ileile ya mwaka 1791, na barua zake hazikubadilika lugha. Kilichobadilika ni kwamba safari hii kulikuwa na watu wenye kura waliosema basi.

Sawa, nampa haki yake. Alifuta ushuru wa pombe mwaka 1802, akapunguza jeshi na deni la taifa, na waliofungwa kwa Sheria ya Uchochezi akawasamehe. Si kidogo. Lakini hayo yote yalikuwa hiari yake, na hiari huondoka na mwenyewe.

Marehemu baba yangu mdogo alikuwa mweka hazina wa chama cha ushirika cha kahawa kijijini kwetu. Mtu msafi, hata shilingi ya nauli aliirudisha. Wanachama walimpenda mpaka wakaondoa sharti la sahihi ya pili kwenye hundi, kwa sababu kumtafuta mwenyekiti kila mara ilikuwa usumbufu. Alitumikia miaka mingi na hakuchukua kitu. Alipostaafu akaja mwingine, naye akakuta kitabu cha hundi kinachohitaji sahihi moja. Mzee wetu hakuiba, lakini uaminifu wake ndio uliowafanya watu wausahau mlango. Nikimsoma Jefferson na barua yake kwa Nicholas, namwona baba yangu mdogo. Na sisi Watanzania, tunaopenda kunukuu kauli ya Mwalimu Nyerere kwamba Katiba inampa rais madaraka ya kutosha kuwa dikteta, tuna sababu gani ya kudanganyika? Yeye mwenyewe alikuwa akituonya tusitegemee wema wake.

James Madison, aliyemrithi Jefferson, naye ni hivyohivyo. Aliipinga Benki mwaka 1791, Waingereza wakachoma ikulu yake mwaka 1814, na mwaka 1816 akasaini kuanzishwa kwa Benki ya pili. Sina ugomvi mkubwa naye. Serikali isiyoweza kukopa fedha za kujilinda ni balaa.

Lakini mfano ninaoushika zaidi ni wa mwanamke ambaye wachambuzi wetu hawamtaji. Ona Judge alikuwa mtumwa katika nyumba ya Washington. Mei 1796, akiwa na miaka ishirini na kitu, alitoka kwenye nyumba ya rais mjini Philadelphia wakati familia ikila chakula cha jioni, akapanda meli hadi Portsmouth, New Hampshire. Washington, miaka mitatu kabla, alikuwa amesaini sheria ya kuwarudisha watumwa waliotoroka, inayomtaka mwenye mtumwa ampeleke mbele ya hakimu na kuthibitisha dai lake. Hakuifuata. Alimtumia waziri wake wa fedha, Oliver Wolcott, awasiliane na Joseph Whipple, afisa wa forodha wa Portsmouth, ili mwanamke yule akamatwe na kurudishwa kimyakimya. Hapo mnaona serikali ile mnayoambiwa ilikuwa ndogo: hazina ya taifa na forodha ya taifa zikitumwa kumwinda msichana mmoja aliyekimbia.

Whipple alikutana naye, akamsikiliza, kisha akaandika kwamba mwanamke huyu anataka uhuru wake, na kwamba njia inayofaa ni kupitia mahakama. Yaani alimkatalia rais wa Marekani, tena yule aliyekuwa anaabudiwa nchi nzima, kwa barua ya adabu. Washington alijibu kwa hasira kwamba kumpa masharti mtoro si busara wala haki, lakini akaagiza pia isitumike nguvu itakayozua ghasia za watu. Aliwaogopa wakazi wa Portsmouth. Mwaka 1799 mpwa wa Martha Washington, Burwell Bassett, alikwenda kumtafuta tena, akarudi mikono mitupu. Ona aliishi New Hampshire hadi alipofariki mwaka 1848. Kisheria bado alikuwa mtumwa, lakini hakuna aliyemrudisha.

Naandika haya nikijua wapo watakaosema serikali imara ndiyo iliyoijenga Marekani, na kwamba bila Louisiana isingekuwa taifa kubwa. Sipingi. Ila Louisiana ilipatikana kwa gharama ya nani? Mwalimu wangu wa historia sekondari alitukaririsha bei na mwaka, hakutuambia kwa nini Napoleon aliuza. Aliuza kwa sababu jeshi alilolipeleka Haiti, koloni la Ufaransa wakati huo, kuwarudisha watu utumwani liliangamia kwa homa ya manjano na kwa mapanga na bunduki za Wahaiti wenyewe. Bila kisiwa kile, bonde la Mississippi halikuwa na maana tena kwake. Mwaka 1806 Kongresi ilipiga marufuku biashara na Haiti, na Jefferson akasaini. Seneta Timothy Pickering wa Massachusetts alimwandikia rais kwa uchungu kuipinga, akiwa na wenzake wachache, nao wakazidiwa. Wahaiti hawakuwa na mbunge katika Kongresi, wala afisa forodha wa kuandika barua ya adabu kwa niaba yao. Marekani haikuitambua nchi yao mpaka mwaka 1862.