Umati Ukirudi Nyumbani, Mwandishi Abaki

Jumamosi iliyopita, kwenye meza ya magazeti pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, ambapo watu husimama kusoma vichwa vya habari hata kama hawana nia ya kununua, mzee mmoja aliniuliza: "Mwalimu, Watunisia si walimwondoa mtawala wao wenyewe? Mbona waandishi wao wanafungwa tena?" Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu daladala ya Uyole ilikuwa inaondoka, lakini swali lake lilistahili zaidi ya hapo.

Rais Ben Ali wa Tunisia alikimbia tarehe 14 Januari 2011, wiki 4 baada ya mchuuzi Mohamed Bouazizi kujichoma moto huko Sidi Bouzid na kuwasha maandamano. Utawala wake ulivinyamazisha vyombo vya habari kwa jela na pia kwa njaa, kwa maana wakala wa serikali uliokuwa ukigawa matangazo ya umma uliyapa magazeti ya sifa na kuyanyima yaliyohoji. Alipoondoka, Nawaat, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2004 na kufungiwa kwa miaka mingi, ikasomeka nchini kwake. Novemba 2011 zikaja amri za kisheria namba 115 na 116 za kulinda uhuru wa habari na utangazaji. Mwaka 2014 ikazaliwa Inkyfada, tovuti ya habari za uchunguzi, ambayo miaka 2 baadaye ilishiriki kuchambua Nyaraka za Panama, zile zilizovuja kuhusu kampuni za siri za ng'ambo, na kuwataja Watunisia waliomo.

Hiyo ndiyo kazi ninayoiona kuwa kubwa kuliko kupiga picha za umati uwanjani. Umati hurudi nyumbani, maana watu wana mashamba na watoto. Anayebaki kufuatilia bajeti, mikataba na vituo vya polisi ni mwandishi asiyedaiwa fadhila na yeyote.

Kwa maoni yangu, Tunisia ilirekebisha sheria kuliko ilivyorekebisha fedha. Televisheni kubwa zilibaki kwa wafanyabiashara wenye kambi zao, hadi Nabil Karoui, mmoja wa wamiliki wa televisheni ya Nessma, akafika duru ya pili ya uchaguzi wa rais mwaka 2019. Baada ya Rais Kais Saied kulisimamisha bunge Julai 2021, sheria nayo iligeuzwa: amri namba 54 ya Septemba 2022 inaruhusu kifungo cha miaka 5 kwa habari inayoitwa ya uongo, na miaka 10 ikimgusa mtumishi wa umma.

Mzee yule hakuhitaji kwenda mbali hivyo. Kila basi langu la Iringa linapopita Nyololo, wilayani Mufindi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya misitu, namkumbuka Daudi Mwangosi, mwenyekiti wa waandishi wa Iringa, aliyeuawa hapo tarehe 2 Septemba 2012 akiwa kazini. Mwaka 2016 askari polisi mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia.

Waandishi wengi wanaoviwakilisha vyombo vya habari mikoani bado hulipwa kwa habari iliyotoka tu, na nauli ya kwenda kijijini mara nyingi hutoka kwenye bahasha ya aliyeitisha mkutano. Ninachowaomba wamiliki wa vyombo vya habari ni kidogo: mwandishi anapotumwa Nyololo, nauli ya kwenda na kurudi itoke chumba cha habari.